Mwanamichezo na Chuo Kikuu cha Kiufundi: Safari Huanzia Gredi ya 9

Hotuba kwa wazazi, walimu wa michezo na makocha wa mitaa ya Kisiwani na Mji wa Kale

 

Kila jioni, jua likishapoa, viwanja vya kisiwani hujaa. Watoto wa Kibokoni, Kuze, Mkanyageni na Ndia Kuu hutoka madrasa, huvua kanzu, huvaa njumu za kuazimana na kukimbilia kiwanjani. Mwezi wa Ramadhani mechi huhamia usiku, baada ya tarawehe, na wazee hutoka na viti vyao kutazama. Hakuna mtaa usio na mtoto ambaye watu humwonyesha kidole na kusema, "Huyu ana mguu." Swali lililowaleta hapa leo ni hili: mtoto huyo akifika miaka 19, yuko wapi? Na je, anaweza kuwa pale Tudor, katika karakana za Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM, akisomea uhandisi na bado anacheza?

Kutoka Mji wa Kale hadi Tudor ni safari fupi ya tuktuk. Lakini kwa wachezaji wengi safari hiyo haifanyiki, na sababu si kwamba hawana akili. Wengi hufungiwa mlango miaka mitatu au minne kabla hata ya kujua kwamba mlango upo.

Ni vyema kwanza kuondoa dhana moja. Watu wanaotazama sinema na mechi za Marekani huamini kwamba kocha wa chuo kikuu humwona kijana akicheza, humpenda, kisha humwandikia nafasi. Hapa Kenya nafasi za shahada zinazodhaminiwa na serikali hugawanywa na KUCCPS. Kompyuta ya KUCCPS haijui nani alifunga mabao matatu kwenye fainali. Inachojua ni gredi ya jumla ya KCSE, ambayo kwa shahada ni C+ au zaidi, na alama za masomo manne ya kundi. Kwa uhandisi, masomo hayo ni hisabati, fizikia, kemia na somo jingine moja linaloruhusiwa. Kocha wa chuo anaweza kuwa na hamu kubwa ya kumpata mlinda lango wa Majengo, lakini kama kijana huyo hakufanya fizikia, hakuna barua ya kocha wala simu ya mheshimiwa itakayomwingiza katika uhandisi wa mitambo.

Kwa hiyo kumtafuta mwanamichezo wa chuo cha kiufundi ni kazi inayofanywa na watu wasio wa chuo. Inafanywa na kocha wa mtaa, maalim wa madrasa, mwalimu wa fizikia, baba na mama. Wao ndio humwona mtoto wakati uamuzi bado haujafanywa.

Wakati huo ni upi? Kwa wale wa mfumo wa 8-4-4 ulikuwa mwisho wa Kidato cha Pili, mwanafunzi alipochagua masomo ya kuendelea nayo. Hapo ndipo wachezaji wengi waliiacha fizikia. Sababu zilikuwa za kawaida: somo ni gumu, mazoezi ya jioni yanachosha, rafiki zake wote wa timu wamechagua masomo mengine. Mtoto wa miaka 15 aliamua jambo hilo kwa dakika tano, na hakuna aliyemwambia kwamba ameifuta Tudor katika ramani yake. Kundi la mwisho la 8-4-4 litafanya KCSE mwaka 2027. Hao wamekwisha kuchagua, na aliyebaki na fizikia asaidiwe kuishikilia.

Kwa mfumo mpya, uamuzi umesogea mbele zaidi. Mtoto sasa huchagua mkondo akiwa Gredi ya 9, kabla ya kuingia sekondari pevu. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026. Mikondo ni mitatu: STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Na hapa ndipo panapohitaji macho manne.

Mzazi ana mtoto anayecheza vizuri. Anasikia kuna mkondo wenye jina la michezo. Anasema, alhamdulillahi, serikali imemkumbuka mwanangu, na anaandika jina lake hapo. Mkondo huo ni mzuri kwa anayetaka kuwa mwalimu wa michezo, mtaalamu wa mazoezi, msimamizi wa timu au mwanamuziki, na hauna upungufu wowote wa heshima. Lakini mkondo haumpi mtoto ruhusa ya kucheza, kwa sababu ruhusa hiyo anayo tayari. Elimu ya viungo ni ya wanafunzi wote katika mikondo yote. Michezo ya shule inayosimamiwa na KSSSA, kuanzia kaunti ndogo hadi taifa na hata Afrika Mashariki, haimwulizi mchezaji anasoma mkondo gani. Mtoto wa STEM anaweza kuvaa jezi namba 10 kama mwingine yeyote. Aliyechagua mkondo wa michezo naye, siku akitaka uhandisi, atakuta njia imekuwa ndefu sana.

Hata hisabati zimegawanywa. Wa STEM husoma hisabati kamili, na wa mikondo mingine husoma hisabati za msingi. Somo la hisabati ni la lazima kwa wote, ndiyo, lakini aina mbili hizo hazimfikishi mtoto mahali pamoja. Mzazi aulize shule swali hilo kwa jina lake: mwanangu atasoma hisabati zipi? Pia aulize shule ina mikondo gani, maana si kila shule ina yote mitatu.

Kuna methali ambayo wazee huitumia kumaliza mazungumzo ya aina hii: mshika mbili moja humponyoka. Kwa mambo mengi ni kweli. Kwa mtoto wa miaka 14 mwenye nguvu, hata hivyo, methali hiyo imetumiwa vibaya pande zote mbili. Mzazi mmoja humnyang'anya mtoto njumu ili asome, na mtoto huacha kusoma pia, kwa hasira. Mwingine humwachia mpira pekee kwa kuwa "masomo si yake", na akifika 23 akiwa na goti bovu hana la kufanya. Ukweli wa viwanjani ni kwamba kazi ya mchezaji wa mpira ni fupi hata kwa aliyefanikiwa, na wengi hawafiki huko.

Vyuo vya kiufundi vya nchi nyingine vimepambana na jambo hili kwa muda mrefu, na inafaa kutazama vilivyofanya, pamoja na vilivyoshindwa. Chuo cha MIT kule Massachusetts kinashiriki daraja la tatu la mashindano ya vyuo vya Marekani, daraja ambalo haliruhusu ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo. Kocha wa MIT anaweza kumpendekeza kijana kwa ofisi ya udahili, lakini uamuzi si wake. Na bado chuo hicho kina timu nyingi na wachezaji hodari, kwa sababu makocha wake huanza kuwasaka vijana mapema, huku wakiuliza alama za hisabati kabla ya kuuliza urefu.

Chuo cha Caltech, California, ni mfano mkali zaidi. Timu yake ya wanaume ya mpira wa kikapu ilipoteza mechi 207 mfululizo dhidi ya vyuo vya daraja lake, kuanzia mwaka 1996 hadi Januari 2007. Mechi 207! Mwenye timu mtaani angekuwa ameshavunja timu na kuuza jezi. Chuo hakikushusha masharti ya fizikia hata kidogo. Kilichobadilika polepole ni utafutaji: makocha walizunguka wakiwasaka wale vijana wachache waliokuwa na vyote viwili. Mwaka 2011 timu hiyo ilishinda mechi ya ligi yao baada ya kushindwa mara 310 mfululizo katika ligi hiyo. Ilishinda kwa pointi moja, 46 kwa 45.

Kenya nayo ina mifano yake. Mike Boit, aliyeshinda medali ya shaba ya mita 800 Munich mwaka 1972, alitumia mbio kufika vyuo vya Marekani, akasoma hadi shahada ya uzamifu na akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mwaka 2004 yeye na mwandishi John Manners walianzisha KenSAP, mpango uliowatafuta vijana wa Bonde la Ufa wenye alama za juu kabisa za KCSE na kuwasaidia kuomba nafasi katika vyuo vigumu vya Marekani; mwanzoni mbio zilikuwa sehemu ya kilichowavutia wakuu wa vyuo hivyo. Wesley Korir, mshindi wa Boston Marathon 2012 na baadaye mbunge wa Cherangany, alifika Chuo Kikuu cha Louisville kwa miguu yake na akatoka na shahada ya biolojia. Mtu akiwauliza watu hao wote nini kilifungua mlango, watataja riadha. Akiuliza nini kiliwabakiza ndani, jibu ni jingine.

Hiyo ni Bonde la Ufa, na ni riadha. Pwani haikuwahi kuwa na mpango wa namna hiyo, ingawa ina hazina ya michezo isiyo haba. Feisal ya Mombasa ilitwaa ubingwa wa ligi ya Kenya mwaka 1965. Bandari ilichukua kombe la taifa la FKF mwaka 2019. Kina dada wa KPA wamekuwa miongoni mwa timu kubwa za mpira wa kikapu nchini kwa miaka mingi. Na upande wa elimu ya ufundi, kisiwa hiki kilitangulia sehemu nyingi. Chuo cha Tudor kilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kama Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ile ambayo wazee bado huiita MIOME, kwa michango iliyojumuisha ya Sultani wa Zanzibar na ya Aga Khan. Mwaka 1966 kikawa taasisi ya kiufundi kwa wote, mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, mwaka 2007 kikawa chuo kishiriki cha JKUAT, na mwaka 2013 kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Kilijengwa ili watoto wa pwani wapate ufundi wa mikono na wa akili. Kupita nje ya ukuta wake kila siku kwenda mazoezini bila kujua kuna nini ndani ni hasara.

Basi ziara ya kwanza iwe ndani ya ukuta huo. Kocha wa timu ya watoto wa Gredi ya 8 na 9 anaweza kuomba ruhusa ya chuo, apeleke watoto wakacheze mechi ya kirafiki, na baada ya mechi wapitishwe karakana: waone mashine ya kukereza vyuma ikifanya kazi, waone wanafunzi wakichomelea, waguse injini ya meli iliyofunguliwa kama ipo. Vyuo vya Marekani hutumia pesa nyingi kumleta kijana aone chuo kwa siku mbili, kwa sababu wanajua anayeona hupenda. Hapa nauli ni ya tuktuk.

Ziara ya pili iwe ya mwalimu wa fizikia kuja kiwanjani. Tarehe 3 Juni 1997 Roberto Carlos alipiga mkwaju wa adhabu dhidi ya Ufaransa, mpira ukaenda kama unatoka nje kisha ukajipinda na kuingia wavuni. Kijana yeyote wa Mji wa Kale ameuona kwenye simu. Mwaka 2010 wanafizikia wa Ufaransa waliandika maelezo ya njia ya mpira ule: unapozunguka, hewa ya upande mmoja hukokotwa tofauti na ya upande wa pili na kuusukuma kando, na kadiri mpira unavyopungua mwendo ndivyo kona inavyozidi kuwa kali. Mtoto anayejaribu mkwaju ule kila jioni yuko karibu na somo hilo kuliko anavyofikiri. Anahitaji mtu wa kumwambia.

Kocha naye awe na daftari. Upande mmoja aandike nani alifunga, upande wa pili aandike gredi za hisabati na fizikia za kila muhula. Atake kuona ripoti ya shule kabla ya kumchagua nahodha. Hapa pana hatari, na isemwe wazi: kumfukuza mtoto timu kwa sababu alama zimeshuka ni kosa kubwa. Timu ndiyo kamba pekee inayomshika baadhi yao. Anayeshuka apunguziwe mazoezi siku mbili, apelekwe kwa mchezaji mwenzake anayejua hesabu, lakini Jumamosi jezi yake imsubiri.

Akishaingia chuoni, ugumu mwingine unaanza, na wazazi waujue mapema. Shahada ya uhandisi ni miaka mitano. Asubuhi ni mihadhara. Alasiri nyingi ni maabara na karakana, saa zile zile timu zinapofanya mazoezi. Noti za mhadhara huweza kunakiliwa kwa rafiki. Zoezi la maabara halinakiliki. Aliyelikosa amelikosa mpaka lirudiwe. Mashindano ya vyuo humtoa mchezaji nje ya Mombasa kwa siku kadhaa, na atachimenti ya kiwandani humwondoa msimu mzima. Mchezaji anayefaulu ni yule anayekwenda kwa mhadhiri wiki moja kabla ya safari, si wiki moja baada. Chuo nacho kikitaka wachezaji wa uhandisi kinapaswa kupanga mazoezi alfajiri au baada ya magharibi. Taa za kiwanja si anasa kwa chuo cha aina hii. Ni vifaa vya masomo.

Kwa mabinti, mazungumzo haya yana kipengele cha ziada. Mama wengi wa Mji wa Kale hawana tatizo na uhandisi wala na mchezo. Wana tatizo na mavazi na saa ya kurudi nyumbani. Kuhusu mavazi, hoja imekwisha kisheria: soka iliruhusu hijabu rasmi mwaka 2014, na mpira wa kikapu ukafuata mwaka 2017. Kocha anayemwambia binti avue kilemba ili acheze hajui sheria za mchezo wake. Kuhusu saa, jawabu ni la vitendo: mazoezi ya mabinti yaishe kabla ya magharibi na pawe na mtu mzima anayejulikana wa kuwasindikiza. Binti aliyeacha kucheza akiwa darasa la saba kwa sababu ya giza hawezi kutafutwa na chuo chochote.

Vipi yule asiyepata C+? Hili ndilo swali ambalo wazazi huliuliza kwa sauti ya chini mkutano ukiisha, na afadhali lijibiwe sasa. Kwa C- mwanafunzi anaweza kuomba diploma, na kwa D astashahada ya ufundi. TUM na Kenya Coast National Polytechnic hufundisha ngazi za chini ya shahada, na mwenye diploma nzuri anaweza baadaye kuomba shahada. Kwa mchezaji njia hii wakati mwingine ni bora kuliko ya moja kwa moja, kwa kuwa anapata ufundi mkononi akiwa na miaka 21 au 22, katika umri ule ule ambao timu kubwa zinamtaka. Timu za mashirika nchini, ya bandari ikiwemo, zimekuwa kwa muda mrefu njia ya mchezaji kupata ajira, na bandari yenyewe inaishi kwa mafundi wa kreni, umeme na injini za meli.

Neno kuhusu mawakala. Kijana hodari atajiwa na mtu mwenye suti atakayemwahidi ufadhili wa Marekani au Ulaya kwa "ada ndogo ya fomu". Ufadhili wa kweli wa chuo hauuzwi barabarani. Kwa Marekani, mchezaji wa daraja la kwanza hukaguliwa masomo yake ya sekondari, masomo 16 ya msingi, yakiwemo ya hisabati na sayansi, kabla ya kuruhusiwa kucheza. Wakala asiyeuliza kuhusu alama za mtoto hajawahi kumpeleka mtoto chuoni. Mkataba wowote usitiwe sahihi bila mzazi na bila mtu anayeelewa sheria, kwa sababu pesa za kulipwa kama mchezaji wa kulipwa zinaweza kumfungia kijana milango ya michezo ya vyuo huko.

La mwisho ni nani hufanya nini. Vyuo vikuu viko chini ya serikali ya kitaifa. Kaunti haiwezi kuiambia TUM imchukue nani. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti viwanja na vifaa vya michezo, vyuo vya ufundi vya vijijini na elimu ya chekechea. Mzazi anayetaka taa kiwanjani, maji na choo cha mabinti ana haki ya kuviomba kwa kaunti, na mahali pa kuviomba ni vikao vya umma vya bajeti, ambavyo hutangazwa kabla ya makadirio kupitishwa. Anayetaka kujua kuhusu mikondo aanze kwa mwalimu mkuu wa sekondari msingi, kabla ya uchaguzi wa Gredi ya 9 kufungwa. Anayetaka kujua masharti ya kozi atazame tovuti ya KUCCPS akiwa na matokeo ya mtoto mkononi, na kwa karo aulize HELB mapema. Kuhusu basari, aanzie ofisi ya wadi yake, akiwa na nakala ya kitambulisho, cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua ya shule.